Iko Nje, Haina Neno

Yapo maneno manne ambayo nimeyasikia mara nyingi mno, hata nimeona heri niyatolee hoja hapa. Maneno yenyewe ni haya: "Iko nje, haina neno." Husemwa juu ya gesi. Msemaji kwa kawaida ni mtu mwenye nyumba nzuri na bustani, na ndani ya bustani hiyo amejengesha meko ya kuotea moto: duara la mawe au saruji, katikati bomba lenye matundu, na pembeni, mahali pasipoonekana na wageni, mtungi wa gesi. Jioni inapoingia, hasa Juni na Julai, miezi ambayo Arusha na Iringa huwa na baridi ya kweli, moto huwashwa, viti huzungushwa na mazungumzo huanza. Sina ugomvi na raha hiyo. Ugomvi wangu ni na yale maneno manne.

Nadai kwamba maneno hayo ni uongo mara mbili. Ni uongo juu ya gesi, na ni uongo juu ya binadamu.

Tuanze na gesi. Gesi ya mitungi ni propani na butani zilizosongwa kwa nguvu mpaka zikawa maji. Zikitoka mtungini hurudi kuwa mvuke, na lita moja ya maji yale huzaa zaidi ya lita 200 za mvuke. Propani ni nzito kuliko hewa kiasi cha mara moja na nusu, na butani kiasi cha mara mbili. Maana yake ni kwamba gesi hii ikivuja hairuki juu kama moshi. Huteremka. Hutambaa ardhini kama maji, ikatafuta bonde, mtaro au uvungu wa baraza, na hapo ikatulia. Hewa ikichanganyika na gesi hiyo kiasi cha sehemu mbili tu katika mia, tayari inaweza kulipuka. Sasa, ndugu msomaji, meko ya kuotea moto ni nini kama si shimo? Tumechimba wenyewe bakuli la kuikusanyia gesi, kisha tunajifariji kwamba bakuli hilo liko nje!

Nitaambiwa kwamba upepo utaipeleka. Upepo hausafishi shimo kila unapopita. Lakini unaweza sana kuuzima moto huku bomba likiendelea kutoa gesi. Hapa ndipo elimu tuliyorithi kwa bibi zetu inapotuangusha. Sisi ni watu wa kuni. Tumelelewa kwenye mafiga, na tunajua kwamba moto wa kuni ukizimika unabaki moshi, majivu na makaa ya kuangaliwa, basi. Moto wa gesi ni kinyume chake. Kuni zikizimika, hatari inakaribia kwisha. Gesi ikizimika yenyewe, hatari ndiyo kwanza inaanza. Asiyelijua hilo asikabidhiwe kiberiti.

Wengine hutegemea pua. "Ikivuja tutaisikia harufu." Ni vema tujue harufu hiyo ilitoka wapi, kwa sababu gesi yenyewe haina harufu ya kutosha kumwonya mtu. Mnamo tarehe 18 Machi 1937 shule moja katika mji wa New London, jimbo la Texas, Marekani, ililipuka kwa gesi iliyokuwa imevuja bila mtu kuinusa, na watu karibu 300 walikufa, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba huo jimbo lile lilitunga sheria kwamba gesi itiwe harufu mbaya kwa makusudi, na leo ndivyo ifanywavyo duniani kote. Harufu ile ni onyo lililolipiwa kwa roho za watoto. Lakini huko nje onyo hilo hudhoofika. Pua ya mtu iko juu, gesi iko miguuni. Na upepo mdogo unaopita usoni huchukua harufu huku gesi yenyewe ikibaki imelala shimoni.

Kama bado kuna anayeamini kwamba uwazi ni ngao, na atazame misiba miwili. Tarehe 19 Novemba 1984, huko San Juan Ixhuatepec, karibu na Jiji la Mexico, gesi ya aina hii hii ilivuja kwenye ghala la matangi. Wingu lake lilitambaa karibu na ardhi, uwanjani, mpaka likakutana na moto. Watu wapatao 500 walikufa. Na karibu nasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, katika eneo la Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, lori la gesi lililipuka na moto ukaenea mpaka kwenye nyumba na maghala. Watu walikufa na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba mwaka 2023 ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale. Kote kuwili gesi ilikuwa nje. Najua mtungi wa bustanini si lori wala tangi. Lakini tabia ya gesi ni moja, na mtungi wa kilo 15 unatosha kabisa kuunguza familia.

Basi huo ni uongo wa kwanza. Uongo wa pili unaniuma zaidi, kwa sababu unahusu nani anayeungua.

Meko haya hununuliwa na mmoja na kuwashwa na mwingine. Mwenye nyumba hulipa fundi, huchagua mawe, huwaonyesha wageni. Lakini ifikapo saa moja ya jioni anayeinama juu ya shimo na kiberiti mkononi si yeye. Ni mlinzi, au kijana wa bustani, au dada wa kazi. Jioni moja nilikaribishwa katika ua wa namna hiyo. Mlinzi alifungua gesi kwanza, kisha akaanza kujipapasa mifukoni akitafuta kiberiti, huku gesi inavuma. Nilimwomba afunge. Baadaye nikamwuliza, "Kijana wangu, nani alikufundisha kuwasha hii?" Akajibu kwa adabu, "Hakuna, mzee. Nilimwangalia fundi siku ile alipoijaribu." Nilipomgeukia mwenyeji wetu kwa swali hilo hilo, alicheka na kunijibu yale maneno manne.

Hapo ndipo nilipoelewa maana yao kamili. "Iko nje" haina maana ya nje ya nyumba tu. Maana yake ni nje ya wajibu wangu. Raha iko ndani ya mipaka yangu. Hatari iko nje, pamoja na mlinzi. Huu si uzembe tu, ni dhuluma. Mtu anayemtuma mwenzake afanye jambo ambalo yeye mwenyewe hajui kulifanya salama, wala hakujishughulisha kumfundisha, amemfanya mwenzake kuwa ngao yake.

Na mambo yenyewe ya kufundishwa ni machache kiasi cha kutia aibu. Kwanza kifuniko kiondolewe chote. Kisha moto utangulie, gesi ifuate: kiberiti kirefu kiwashwe na kusogezwa kwenye bomba, mwashaji akiwa pembeni na si ameinama juu ya shimo, ndipo vali ifunguliwe pole pole. Moto usiposhika katika sekunde chache, gesi ifungwe na watu wasubiri dakika tano kabla ya kujaribu tena. Dakika hizo tano watu huziona nyingi. Hospitalini, wodi ya walioungua, siku ni nyingi zaidi. Moto ukiwa unawaka, mtu mzima asiondoke akauacha. Wakati wa kuzima, gesi ifungwe mtungini, na mwali uachwe ufe wenyewe. Asiumwagie maji mtu: mawe ya moto hupasuka, na gesi iliyo wazi haizimwi kwa ndoo.

Matunzo nayo si elimu ya chuo kikuu. Maji ya sabuni yapakwe kwenye mpira wa gesi, kwenye regyuleta na kwenye kila kiungio huku gesi ikiwa imefunguliwa na moto haujawashwa. Mapovu yakitokea, pana uvujaji, na siku hiyo hakuna kuota moto. Mpira uliopasukapasuka, uliokakamaa kwa jua au ulioguguniwa na panya utupwe; usifungwe kwa utepe wala kwa waya. Bomba lisafishwe, maana buibui hupenda kutanda humo wakati wa mvua, na utando mdogo unatosha kuirudisha gesi isikotakiwa. Mtungi usimame wima daima. Ukilazwa, gesi hutoka ikiwa bado maji. Sanduku la kuuficha liwe na matundu chini, kwa kuwa gesi hutokea chini. Mawe yasiokotwe mtoni: jiwe la mtoni lina maji ndani yake, na likipata moto huweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa mgeni. Yatumike mawe ya volkano, ambayo sisi tunaoishi chini ya Meru hatuna haja ya kuyaagiza ng'ambo. Tena meko yakae mbali na nyumba, na yasikae kabisa chini ya banda la makuti. Ikitokea moto umeshika penye uvujaji na vali haifikiki, watu waondolewe kwanza, kisha ipigwe simu ya Zimamoto, 114.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa, "Ajali haina kinga." Methali hii tumeionea sana. Wahenga waliitoa kumfariji aliyekwisha kupatwa, hawakuitoa iwe ruhusa ya kutojikinga. Wahenga hao hao ndio waliosema tahadhari kabla ya hatari. Mpira uliooza ukivuja, hiyo si ajali. Ni deni lililofika siku yake ya kulipwa. Wengine watasema nawatisha watu warudi kwenye mkaa. Hata kidogo. Mkaa hukata misitu yetu, na jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku huua watu usingizini. Naitaka gesi. Mkakati wa taifa wa Tanzania wa mwaka 2024 unalenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na sehemu kubwa ya nishati hiyo itakuwa ni mitungi hii hii. Mama anayepika katika chumba kimoja uswahilini ataiga wapi heshima kwa gesi, kama mwenye bustani, mwenye nafasi na fedha, anaichezea mbele ya wageni?

Wengine watalalamikia gharama. Kipande cha sabuni ni gharama? Dakika tano za kusubiri ni gharama? Aliyeweza kulipia saruji, bomba na viti vya kuzunguka hawezi kunilalamikia bei ya mpira mpya.

Kwa hiyo naomba jambo moja, nalo si kubwa. Mwenye meko aiwashe mwenyewe, aizime mwenyewe na apake sabuni mwenyewe, mara ya kwanza na mara nyingine nyingi, mpaka mikono yake iijue kazi hiyo. Akisha kuijua, ndipo ana haki ya kumfundisha mwingine, na anayefundishwa awe na haki ya kusema, "Leo siwashi, mpira umechakaa," bila kuhofia kibarua chake. Asiyetaka kujifunza na avae sweta.