Katuni za Kijapani: Aanzaye Aanzie Wapi?

Mwezi wa Agosti 2025, Waindonesia walipokuwa wakijiandaa kuadhimisha uhuru wao, palizuka jambo lisilo la kawaida. Vijana na madereva wa malori walitundika bendera nyeusi yenye fuvu la kichwa lililovikwa kofia ya ukili. Baadhi ya wakubwa wa nchi walihamaki, wakaona bendera ya taifa imedharauliwa. Mwezi uliofuata bendera hiyo hiyo ilining'inizwa Nepal, kwenye lango la Singha Durbar, makao ya serikali, katika ghasia zilizomwondoa waziri mkuu. Kisha ikafika kwa jirani zetu wa Bukini, yaani Madagaska, ambako vijana walibadilisha ile kofia wakaweka ya kwao. Rais Andry Rajoelina aliondoka madarakani Oktoba.

Bendera hiyo ni ya maharamia wa katuni. Hadithi yenyewe yaitwa One Piece, kazi ya Mjapani Eiichiro Oda, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1997 na kuonyeshwa kwenye televisheni tangu 1999. Shujaa wake, Luffy, ni haramia wa jina tu. Aghalabu kazi yake ni kuwaokoa watu wa visiwani na madhalimu. Sidai kwamba katuni ndiyo iliyoangusha serikali. Watu wa Bukini walitoka kwa sababu ya maji na umeme, na wa Nepal kwa sababu ya ufisadi na kufungiwa mitandao. Lakini walipotafuta alama ya kubeba, waliitwaa huko.

Basi mzazi wa Mombasa au Lamu asemaye kwamba hivyo ni vikatuni tu vya watoto, amepitwa. Wajapani wana katuni za watoto wadogo, za mabarobaro, za wasichana, na za watu wazima ambazo hazifai kabisa kutazamwa sebuleni. Filamu hizo huitwa anime, na vitabu vyake vya picha ni manga. (Sisi wa Pwani tukisikia manga twawaza Uarabuni na pilipili, hakuna udugu wowote.) Kwa hivyo swali la kwanza si kama katuni ni nzuri au mbaya, bali hii uliyoishika ilitungiwa nani. Attack on Titan, kwa mfano, ni hadithi yenye akili nyingi juu ya chuki na vita, lakini ndani yake watu huliwa wazima wazima. Usimwekee mtoto wa miaka minane kwa kuwa umeona imechorwa.

Mimi humshauri mgeni aanze na filamu moja yenye mwanzo na mwisho. My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 1988, ni ya dada wawili ambao mama yao amelazwa hospitali. Haina adui wala vita, na bado humshika mtu. Mwaka huo huo Isao Takahata alitoa Grave of the Fireflies, habari za kaka na dada yake mdogo waliopoteza mama katika mabomu ya Kobe mwaka 1945. Hiyo ni ya watu wazima. Atazamaye habari za Gaza hatahitaji kufafanuliwa.

Pana suala la dini, nalo si dogo. Spirited Away, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2003, yasimulia hamamu wanakokuja kuoga miungu ya Kijapani. Wako watakaoikataa moja kwa moja, na siwalaumu. Kwa maoni yangu, kijana aliyekwisha kusoma tauhidi aweza kuitazama pamoja na mkubwa wake, wakazungumza. Mdogo na angoje.

Wenzetu Waarabu hawakungoja. Captain Tsubasa, katuni ya kandanda ya mwaka 1983, waliitia sauti za Kiarabu wakamwita shujaa wake Kapteni Majid, na waliokulia Ghuba wamjua sana. Mwaka 2021 kampuni ya Manga Productions ya Riyadh ilishirikiana na Toei Animation, hao hao waundao One Piece, wakatoa The Journey, hadithi ya Makka kushambuliwa na jeshi la Abraha. Mtoto wa chuoni aliyehifadhi Suratul Fiil aijua habari hiyo kabla taa hazijazimwa. Nasikitika kwamba sisi, wenye Kiswahili hiki chote, hatujaitia sauti zetu hata katuni moja ikavuma namna ile ya Majid.

Na kama ni One Piece hasa uitakayo, fahamu kwamba imepita sehemu 1,100. Atakayetazama moja kila siku atamaliza baada ya miaka mitatu na zaidi, na wakati huo Wajapani watakuwa wameongeza nyingine.