Mgeni Bendini Si Nyongeza ya Kelele

Imeenea imani miongoni mwa viongozi wa bendi, na hata wenzetu wanaosimamia vikundi vya muziki shuleni, kwamba bendi ikiongezwa mtu, sauti hubaki ile ile, ila huwa kubwa zaidi. Imani hii ni potofu, na hasara yake huwafikia vijana wetu.

Walimu wa Kiswahili ndio ingewapasa kuwa wa kwanza kuikataa. Katika sentensi “mtoto mzuri amefika” ongeza mtoto mmoja tu, nayo huwa “watoto wazuri wamefika.” Hakuna neno lililosalia kama lilivyokuwa. Ndivyo ilivyo bendini: ajapo mmoja, wote hubadilika.

Tazama historia ya muziki wetu. Mwaka 1978 jijini Nairobi, wapigaji kadhaa waliiacha Simba Wanyika, bendi ya ndugu Wilson na George Kinyonga kutoka Tanga, wakaunda Les Wanyika. Miongoni mwao walikuwa Omar Shabani wa gita la rithim na Tom Malanga wa besi. Kisha akajiunga nao John Ngereza kwa sauti na gita lake. Rithim na besi zilikuwa mikononi mwa watu wale wale, lakini asikiaye “Sina Makosa” hajiulizi kama ni Simba Wanyika. Hata katika muziki wa roki mambo ni hayo. The Beatles walipomwita Billy Preston kwenye kinanda mwaka 1969, jina lake liliandikwa pamoja na lao kwenye santuri ya “Get Back.” Walitambua kuwa sauti ile haikuwa yao peke yao.

Wapo watakaotujibu kwa methali: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali ni ya kweli, lakini inawahusu manahodha, mabaharia haikuwataja. Chombo hakizami kwa kuongezwa baharia. Huzama asipopewa kamba ya kushika.

Turejee huku kwetu Majanji, kando ya ziwa, na hadi Tororo. Kijana wa Kiteso huja na akogo yake akitaka kupiga pamoja na wenye magita. Ama hufukuzwa kwa madai kwamba ataharibu muziki, ama huwekwa nyuma kama pambo, magita yakivuma hata asisikike. Njia zote mbili ni dhuluma. Akogo ina sauti ndogo, tena mdundo wake mfupi hugongana na ule wa gita la rithim. Basi mwenye rithim na apunguze mapigo yake, aache nafasi. Magita nayo yalinganishwe na akogo, wala si kinyume chake: kukaza uzi wa gita ni kazi ya nukta chache, bali kusogeza vyuma vya akogo kimoja kimoja kwataka subira.

Asiye tayari kubadili upigaji wake asimwalike mgeni. Lakini na ajue anachokikataa: ni sauti ambayo Nairobi haina, wala Dar es Salaam, na ambayo watoto wetu wanayo tayari mikononi. Tukiwafunza kuificha, tusilalamike kesho kwamba bendi za mpakani zote zinafanana.