Nani Alijaza Birika la Sultani?

Kila njia ya matembezi ni hadithi. Ina mwanzo, ina vituo, ina mhusika mkuu, na ina msimulizi aliyeamua kipi tukione na kipi tukipite mbio. Sisi tunaopenda fasihi tunalijua hilo tukiwa na kitabu mkononi. Tukishapanda baiskeli tunalisahau. Basi leo nataka tuisome njia moja kama tunavyosoma riwaya: ile inayotoka Mji Mkongwe wa Zanzibar, ikapita Maruhubi na Mtoni, ikafika Bububu, kisha ikapanda mashambani hadi Kidichi na Kizimbani. Nimeiendesha mara kadhaa, nyingine na kikundi, nyingine peke yangu. Ni njia nzuri sana. Hadithi inayosimuliwa juu yake ni mbovu.

Nianze na uzuri wake, maana sitaki kuambiwa nina chuki na starehe za watu. Ukitoka Malindi asubuhi mapema, kabla daladala hazijaanza kushindana kwa honi, bahari iko mkono wako wa kushoto na jua halijawa kali. Baada ya kilomita tatu nne hivi unaikuta Maruhubi: safu ya nguzo nene zilizobaki zimesimama bila cha kubeba, maana kasri yenyewe iliungua mwaka 1899. Karibu nazo kuna mabwawa, zamani yalikuwa ya kuhifadhia maji, sasa yameota mayungiyungi. Mbele kidogo ni Mtoni, kasri ya Seyyid Said, kongwe kuliko nyingine zote za masultani hapa Unguja. Ukifika Bububu unakata kulia, unaanza kupanda, na hapo wasiozoea hushuka wakasukuma. Minazi, migomba, mihogo, mikarafuu. Halafu unaona kuba nyeupe za hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850, na ndani yake nakshi za chokaa za mtindo wa Kiajemi. Safari nzima ya kwenda haizidi kilomita 20. Ukiwa garini utaimaliza kabla hujaiona. Ukiwa na baiskeli, kila kilima unakilipa kwa pumzi yako.

Sasa sikiliza unachosimuliwa. Maruhubi utaambiwa kasri ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya Sultani Barghash na masuria wake 99, na watu watacheka kidogo. Mtoni utaambiwa hapa ndipo alipozaliwa binti mfalme Salme mwaka 1844, aliyekuja kutoroka na Mjerumani, na watu watahema kwa huruma. Kidichi utaambiwa hamamu ilijengwa kwa mapenzi, Seyyid Said akimwondolea uchovu mkewe wa Kiajemi baada ya kuwinda, na watu watapiga picha. Mwisho utakatiwa nanasi, utanusishwa karafuu, utarudi mjini.

Hebu tazama sarufi ya maelezo haya. Kasri ilijengwa. Maji yaliletwa. Birika lilijazwa. Karafuu zilipandwa. Njia nzima imeandikwa kwa kauli ya kutendwa! Katika Kiswahili, mtendaji wa kauli hiyo anahitaji kineno kimoja tu ili aonekane: *na*. Lilijazwa *na* nani? Zilipandwa *na* nani? Herufi mbili, basi. Na hizo herufi mbili ndizo zilizonyimwa nafasi katika njia yenye vituo vitano au sita.

Safari moja, tukiwa Kidichi, nilimuuliza kijana aliyekuwa akituongoza: haya maji ya kuogea yalikuwa yakichotwa na nani, na kuni za kuyachemsha zilikatwa na nani? Alinitazama, akacheka kwa aibu. "Dada, hilo hakuna anayeuliza." Simlaumu hata kidogo. Yeye kakabidhiwa maelezo na kampuni ya matembezi iliyomwajiri, kayahifadhi, na anayasema vizuri kwa lugha tatu. Wa kulaumiwa ni aliyeyaandika, na sisi tunaoyasikiliza kila siku bila kuinua mkono.

Maana majibu yapo, hayajafichwa popote. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa waliotolewa bara. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873, Barghash huyohuyo alipotia saini mkataba na Waingereza. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali kisiwani hadi mwaka 1897. Kwa hiyo Maruhubi, na nguzo zake zote tunazoegemeza baiskeli, ni kasri iliyosimamishwa katika nchi yenye watumwa. Na wale masuria 99 wa kuchekea? Suria ni mtumwa mwanamke aliyechukuliwa na bwana wake. Hata amri ya 1897 haikuwagusa. Wao walingoja hadi mwaka 1909. Kama idadi ya 99 ni kweli au ni chumvi ya wasimulizi, si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba tumefanya kichekesho cha watu ambao sheria iliwasahau kwa miaka 12 zaidi ya wenzao.

Nirudi kwenye fasihi, maana hapa ndipo sisi wasomaji tunapohusika. Njia hii ina kitabu chake, na kitabu hicho ni kumbukumbu za Salme, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Ni kitabu kinachostahili kusomwa. Ua wa Mtoni na wanyama wake, ugomvi wa ndugu, harufu za nyumba ile: bila yeye tusingeyajua. Lakini waongozaji huchukua kurasa za tausi na swala, wakaacha zingine. Hawasemi kwamba mama yake Salme alikuwa suria, mwanamke wa Kicherkesi aliyetekwa utotoni na kuletwa mbali na kwao. Hawasemi kwamba binti huyohuyo aliandika kuutetea utumwa wa nchi yake, akidai kwamba Wazungu hawakuuelewa. Huyu ni mwandishi mwenye utata, na utata ndio unaofanya kitabu kiwe kitabu. Kumgeuza binti mfalme wa hadithi za watoto ni kumdhulumu yeye mwenyewe, acha waliomtumikia.

Na kuna kitabu cha pili ambacho hakuna aliyewahi kunitajia katika njia hii. Mwaka 1978 Shafi Adam Shafi, Mzanzibari, alichapisha *Kasri ya Mwinyi Fuad*. Mle tunaingia kasri kwa mlango wa jikoni, pamoja na Kijakazi, mtumishi anayemtumikia bwana wake kwa utiifu unaomuumiza msomaji. Kimeandikwa kwa Kiswahili, lugha inayozungumzwa kila kibanda unachokipita kutoka Bububu hadi Kizimbani. Yaani tunacho kitabu kinachojibu swali la nani alijaza birika, na bado tunawapa wageni hadithi ya mapenzi ya sultani! Mtu anayesoma Ruete bila Shafi amesikia upande wa baraza tu. Anayesoma Shafi bila Ruete naye amesikia wa jikoni tu. Baiskeli ina magurudumu mawili, jamani.

Najua nitakayojibiwa. La kwanza: mtu amekuja kupumzika, mwache apumzike, usimpe mhadhara juani. Sawa. Lakini nani kasema mapumziko ni kudanganywa? Mtu aliyetoka jasho kupanda kilima cha Kidichi ndiye hasa anayeweza kuelewa maana ya kukipanda na mzigo wa kuni kichwani. Mwili wake umeshamweleza nusu ya habari. Aliye ndani ya gari lenye kiyoyozi ndiye mwenye udhuru wa kutoelewa.

La pili ni zito zaidi, na mara nyingi husemwa kwa sauti ya chini: usituchokonolee vidonda, Zanzibar ina historia yake, 1964 si mbali. Hili nalichukulia kwa uzito. Najua maneno kama *mtumwa* na *bwana* yametumika hapa kuhesabiana nasaba na kugawana nchi. Ndiyo maana nataka njia hii irefushwe hadi Dunga, kwenye barabara ya Chwaka. Gofu la Dunga si la sultani wa Kiomani. Ni la Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji, aliyeijenga kasri yake kati ya mwaka 1846 na 1856. Na simulizi za watu kuhusu jengo hilo ni za kutisha: inasemwa watumwa waliuawa ili damu yao ichanganywe na chokaa ya kuta. Sina haja ya kuithibitisha simulizi hiyo. Najiuliza tu kwa nini watu wa Dunga waliichagua hiyo, na si hadithi ya mapenzi. Huenda kwa sababu walijua nani aliinua kuta, wakakataa jambo hilo lisahaulike. Dunga inatufundisha kwamba kuuliza nani alijaza birika si kumnyooshea mtu kidole kwa nasaba yake. Mabwana walikuwa wa nasaba mbalimbali. Waliochota maji ndio wanaokosa majina kila mahali.

La tatu: wenyeji wenyewe hawaendi magofuni, kwa hiyo unampigania nani? Hapa hasira zangu hupanda. Simama Bububu nusu saa uhesabu baiskeli. Zimebeba matenga ya samaki, majani ya ng'ombe, mikungu ya ndizi, na watoto wa shule wawili nyuma na mmoja mbele. Hawa ndio waendesha baiskeli wa njia hii, tangu kabla hatujaanza kuvaa kofia ngumu na suruali za kubana. Mwenyeji akipanda baiskeli tunasema hana nauli; mgeni akiipanda ileile tunasema anatalii. Kisha tunashangaa kwamba mwenye tenga la samaki haoni magofu kuwa yake! Vipeperushi nilivyopewa mimi katika safari hizi vilikuwa kwa Kiingereza, Kiitalia na Kifaransa. Mtu hawezi kukataa mwaliko ambao hakuandikiwa.

Basi nadai nini? Sidai majengo mapya wala fedha nyingi. Nadai mambo manne.

Mosi, maelezo yaandikwe upya, kwa Kiswahili kwanza, na kila kauli ya kutendwa ipewe *na* yake. Pale ambapo jina la mtendaji halijulikani, isemwe hivyo wazi: watumwa ambao majina yao hayakuandikwa.

Pili, njia isiishie kwenye nanasi. Kutoka Bububu mtu anaweza kuendelea kaskazini hadi Mangapwani, kwenye chumba kilichochimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe, ambacho huelezwa kuwa watu walifichwa humo biashara ilipoendelea kwa siri baada ya 1873. Siku nyingine aende Dunga. Magofu haya yote yako nje ya eneo la Mji Mkongwe lililoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na hakuna mlinzi mzuri wa gofu kama mtu anayelipitia kila wiki akijua ni la nani.

Tatu, wanafunzi wa shule za Bububu, Kidichi na Dunga wapewe njia hii kabla ya watalii. Wanazo baiskeli. Wanazo bibi na babu wenye simulizi. Mwalimu wa fasihi anayefundisha riwaya ya Shafi umbali wa dakika kumi kutoka kwenye kasri halisi, bila kuwatoa wanafunzi darasani, anapoteza nusu ya somo.

Nne, sisi. Blogu, vilabu vya vitabu, waandishi wa safari. Tumekuwa wepesi kuandika "magofu yenye mvuto" na "mayungiyungi yaliyotulia." Maji yale hayakutulia yenyewe, palikuwa na waliochimba, waliojenga kwa mawe, waliojaza, na waliopigwa yalipopungua. Mwandishi anayeona maua bila kuuliza habari za birika anafanya kazi ileile ya kipeperushi, ila bila malipo.

Safari njema kwa wote watakaoiendesha njia hii msimu huu. Tieni upepo wa kutosha, bebeni maji, kaeni kushoto. Na mkifika Kidichi, kiongozi atakapomaliza kusema kwamba hamamu hii ilijengwa kwa mapenzi, mmoja wenu ainue mkono, aulize kwa adabu: ilijengwa *na* nani? Mkiuliza wengi, mwenye kampuni atalazimika kutafuta jibu.