Afueni ya kawi safi haijafika jikoni kwa mkulima wa Kachibora

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe malalamiko ambayo sisi wakazi wa Kachibora, Kaunti ya Trans Nzoia, tumekuwa tukiyazungumza sokoni na tunapopeleka maziwa asubuhi, lakini hayajawafikia wanaohusika. Kila bajeti inaposomwa tunaambiwa kodi fulani imeondolewa au ruzuku fulani imetengwa ili mwananchi wa kawaida aachane na kuni, makaa na koroboi. Mkulima wa huku hajaiona afueni hiyo. Huishia kwa mwagizaji wa bidhaa, kwa mwenye pesa taslimu, au katika kaunti jirani.

Nianze na sola. Mwaka wa 2020 Bunge lilifuta msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwa vifaa vya sola, kilio kikawa kikubwa, na mwaka wa 2021 msamaha ukarudishwa. Ulihusu paneli, vidhibiti chaji, inveta na betri za kuhifadhi umeme wa jua. Tulishukuru. Lakini msamaha huu humalizwa huko juu, kati ya wizara, watoza kodi na kampuni inayoleta mzigo. Mnunuzi hana njia ya kujua kama umemfikia. Mimi nilinunua paneli na betri katika duka moja mjini Kitale. Risiti ilikuwa na jumla tu, bila mstari hata mmoja wa kuonyesha ni kifaa kipi kimesamehewa kodi na kipi kimetozwa. Nilipouliza, muuzaji alinijibu kwamba bei ni hiyo kwa kila mtu. Ikiwa serikali imeacha kukusanya kodi kwa ajili yangu, nina haki ya kuona kwenye risiti nilichopunguziwa.

Asiye na pesa taslimu huchukua sola ya kulipa kidogo kidogo kwa simu. Mpango huo umewawashia wengi taa na siubezi. Hata hivyo, anayelipa hivyo humaliza akiwa ametoa zaidi ya yule aliyelipa mara moja, na akikosa kulipa, mtambo hujizima. Malipo yanadaiwa kila siku, na mkulima wa mahindi hapati pesa kila siku. Sisi huuza mahindi baada ya mavuno, kuanzia mwishoni mwa mwaka. Ifikapo Mei na Juni, pesa zimeishia kwenye mbegu, mbolea na karo, na huo ndio wakati nyumba nyingi hulala gizani ilhali paneli iko juu ya paa.

Gesi nayo imetuyumbisha. VAT iliondolewa mwaka wa 2016, ikarudi Julai 2021 kwa asilimia 16, ikashushwa hadi asilimia 8 Julai 2022, kisha ikaondolewa tena mwaka wa 2023. Katika miaka hiyo wapo jirani zangu walionunua mtungi wa kilo sita, wakapika kwa miezi kadhaa, kisha kujaza kukawashinda. Leo mtungi umesimama pembeni mwa jiko ukiwa mtupu, na juu ya mafiga yanawaka magunzi ya mahindi. Ule mradi wa kitaifa wa kuwauzia watu wa kipato cha chini mitungi kwa bei ya ruzuku ulianzia Machakos na Kajiado, ukakwama kwa sababu ya mitungi yenye kasoro kabla ya kutufikia.

Kwa hivyo tumebaki na kuni. Si sisi peke yetu, kwa maana sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya nyumba nchini hupika kwa kuni. Lakini sisi tunaishi chini ya milima ya Cherang'any, ambayo ni mojawapo ya chemchemi kuu za maji nchini na chanzo cha maji ya mto Nzoia. Mnamo Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Marufuku ilikuja bila kitu cha kuweka mahali pa kuni. Mama aliyekatazwa kuingia msituni jioni hiyo alikuwa bado na sufuria ya githeri ya kuchemsha.

Mradi wa sola uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, maarufu kama KOSAP, uliidhinishwa mwaka wa 2017 kwa dola milioni 150. Ulitengewa kaunti 14 zilizoachwa nyuma, na Pokot Magharibi, jirani yetu wa karibu, ni mojawapo. Sina kinyongo na ndugu zetu wa Pokot. Walisahauliwa kwa miaka mingi na wanastahili kila senti. Ninachouliza ni kwa nini Trans Nzoia ihesabiwe kuwa imejitosheleza kwa sababu tu inalisha nchi mahindi. Nenda kwenye miteremko ya kuelekea Kapcherop usiku uone ni maboma mangapi yenye taa.

Hata aliyeunganishiwa umeme kwa shilingi 15,000 kupitia mpango wa serikali wa Last Mile haruhusiwi na bei kuupikia. Tangu Aprili 2023, mteja wa kundi la bei ya chini ni yule asiyezidisha uniti 30 kwa mwezi, ilhali hapo awali kikomo kilikuwa uniti 100. Ukiwasha jiko la umeme unahamishiwa kundi la bei ya juu zaidi. Ng'ambo ya mpaka wa Suam, Waganda walifanya kinyume. Mamlaka yao ya umeme iliweka bei maalumu ya kupikia, uniti ya 81 hadi ya 150 zikawa nafuu kuliko nyingi ya zile zinazotangulia, ili mtu avutiwe kuacha makaa. Sisi tunahimizwa kupika kwa umeme, kisha tunatozwa zaidi tukikubali.

Mhariri, linaloniuma zaidi ni bayogesi. Huku karibu kila boma lina ng'ombe wa maziwa. Kwa jirani yangu mmoja kuna ng'ombe wanne wa kufungiwa. Kila asubuhi samadi husukumwa kwa koleo hadi kwenye mtaro nyuma ya zizi, na mvua ikinyesha hutiririka hadi kijitoni. Hatua chache kutoka hapo, mama wa boma amepiga magoti akipuliza moto, macho mekundu, mabati juu yake meusi kwa masizi. Kawi anayoihitaji inamwagika mtaroni. Kinachokosekana ni mtambo wa kuikusanya, na mtambo huo hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi ambazo hutakiwa kwa mkupuo mmoja. Nchi hii iliwahi kuwa na mpango wa kitaifa wa bayogesi, ulioanza mwaka wa 2009 kwa msaada wa wafadhili, uliompa mfugaji ruzuku na kuwafunza mafundi. Waliojengewa wakati huo walio na fundi wa kurekebisha bado wanapika. Kwa nini kazi hiyo isichukuliwe na kaunti na kuendelezwa kwa pesa zetu wenyewe?

Wasituambie kawi ni kazi ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la usambazaji wa umeme na gesi pamoja na udhibiti wa kawi, na Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi. Tunataka mpango huo wa Trans Nzoia uletwe Kachibora, usomwe hadharani katika mkutano wa kushirikisha umma, kwa lugha tunayoielewa.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, kaunti iweke hazina ya dhamana katika vyama vya ushirika vya maziwa. Mfugaji tayari hukopeshwa chakula cha ng'ombe na kukatwa kwenye malipo ya mwezi, basi na mtambo wa bayogesi ukopeshwe vivyo hivyo, kaunti ikilipa sehemu ya gharama na kuhakikisha fundi ana cheti na atarudi mtambo ukiharibika. Pili, Hazina ya Taifa iamuru msamaha wa VAT uonekane kwenye risiti ya mnunuzi wa mwisho, na usifutwe na kurudishwa kila mwaka kama mchezo wa watoto. Mkulima anayepanga kukopa kwa miaka mitatu anahitaji sheria itakayodumu miaka mitatu. Tatu, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, iweke bei ya kupikia kwa nyumba zinazotumia umeme kidogo, na wakopeshaji wa sola wakubali malipo yanayofuata msimu wa mavuno.

Haya yote hayahitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Pendekezo la kwanza linahitaji tu waheshimiwa wetu katika Bunge la Kaunti waketi na kulipitisha katika bajeti ijayo. Nawaomba wasomaji wenzangu wa Sinyerere, Sitatunga, Kaplamai hadi Kitale mjini wahudhurie vikao vya bajeti vitakapotangazwa na wadai mstari wa kawi ya nyumbani wenye kiasi kilichoandikwa. Ruzuku isiyomfikia anayepika haijatolewa.

Wako,
Mkulima na mfugaji,
Kachibora, Trans Nzoia