Walezi Walioketi Chini ya Mwavuli



Wapendwa waamini, juma lililopita niliahidi kuandika juu ya zaka, lakini leo naomba mniwie radhi. Tangu Jumapili nimewapokea ofisini wazazi kumi na mmoja, na wote wamekuja na neno moja: ile safari ya watoto wa Darasa la Sita kwenda kwenye bustani ya michezo ya maji huko pwani ya Dar es Salaam. Wengine walitaka kuujua ukweli, wengine walitaka safari za namna ile zifutwe kabisa, na mama mmoja alinishika tu mkono akaondoka bila kusema kitu. Maadamu habari zimekwisha kuzunguka katika jumuiya zote, na kila zinapopita huongezewa chumvi, ni afadhali mzisikie kwa mtu aliyekuwapo, tena ambaye lawama inamhusu.

Tulikuwa na watoto 62 na watu wazima saba: walimu wanne, akina mama wawili wa WAWATA, na mimi. Kila mtu mzima alikabidhiwa watoto tisa, ila mimi nilipewa wanane, kwa heshima ya upadri nadhani, au kwa kunitilia mashaka. Tuliondoka Morogoro saa kumi na moja alfajiri, tukasali Rozari hadi Chalinze, na kutoka Chalinze hadi Kibaha hapakuwa na sala tena bali nyimbo na kelele. Watoto wetu wanayajua maji ya mito ishukayo kutoka Uluguru. Maji yanayopanda juu ya mnara na kumshusha mtu kwa kasi ndani ya bomba la rangi hawakuwa wameyaona. Walipoyaona walinyamaza kwanza. Kisha ikawa kama mnavyofikiri.

Kwa saa mbili za mwanzo tulikuwa walezi wazuri. Tulisimama ukingoni, tuliita majina, tulihesabu vichwa. Lakini jua la pwani mnalijua, na furaha ya watoto humchosha mtazamaji kuliko inavyomchosha mwenye kufurahi. Ilipofika adhuhuri, sote saba tulikuwa tumekusanyika chini ya mwavuli mmoja mkubwa, kila mtu na soda yake. Mimi nilipigiwa simu na mfadhili mmoja kuhusu mabati ya kigango, nami nikaona si vema kumkatiza mtu anayetaka kutoa. Tukaongea kwa muda mrefu. Nilikuwa nimewapa mgongo watoto.

Saa nane nilipowahesabu wanane wangu, nilipata saba.

Sitaki kuirefusha sehemu hii. Mwokoaji wa bustani alipuliza filimbi, watoto wote wakatolewa majini, na bwawa lile lililokuwa likichemka kwa vicheko likatulia. Sijapata kuona kitu cha kutisha kama maji yale yaliyotulia, nami nimekwisha kuwapaka mafuta wagonjwa wengi na kuzika watu wengi. Tulitafuta vyooni, jikoni, nyuma ya uzio, ufukweni. Baada ya dakika ishirini hivi dereva wetu alikuja mwenyewe kuuliza filimbi ilikuwa ya nini, na mtoto alikuwa nyuma yake, nguo zake kavu, ameshika kipande cha kitumbua.

Alikuwa ndani ya basi tangu saa sita na nusu. Saa moja na nusu, wapendwa, na hakuna aliyejua.

Nilipomuuliza kwa nini, alisema tumbo lilikuwa likimuuma. Dereva, mzee mwenye wajukuu, alinivuta kando akaniambia sivyo. Ule ulikuwa wakati wa chakula cha mchana. Nauli na kiingilio cha mtoto huyu, pamoja na wenzake wachache, vililipwa na parokia, na sisi tukajipongeza kwamba hakuna aliyeachwa nyumbani kwa ajili ya umaskini. Chakula tuliacha kila mtoto ajinunulie. Wenzake walipanga mstari wa chipsi na kuku. Yeye alikuwa na viazi vitamu viwili ambavyo mama yake alimfungia kwenye mfuko. Akaona aibu kuvila mbele yao, akaenda kuvilia ndani ya basi, na akiisha kula hakuona sababu ya kurudi. Dereva alimkuta huko, akamgawia kitumbua chake, wakaongea habari za magari.

Mtoto huyu ana miaka kumi na miwili. Hamtashangaa basi kwamba tangu siku ile sijaweza kuisoma sura ya pili ya Injili ya Luka kama nilivyoizoea. Miaka yote nimeihubiri habari ya Yesu kupotea Yerusalemu nikikimbilia Hekaluni, kwa walimu na majibu ya hekima. Safari hii nilikwama njiani, kwenye ule mwendo wa siku nzima ambao Maria na Yosefu waliutembea pasipo mtoto. Hawakuwa wazazi wazembe. Walidhani yumo katika msafara, kati ya jamaa na marafiki, na bila shaka jamaa na marafiki nao walidhani yuko na wazazi wake. Katika kundi kubwa la watu wema kila mtu humwachia mwenzake. Chini ya mwavuli wetu kulikuwa na watu wazima saba, na kwa sababu tulikuwa saba, hapakuwa na hata mmoja.

Nimeambiwa na baadhi yenu kwamba nijishukuru, kwa kuwa mtoto alikutwa salama. Ninamshukuru Mungu. Lakini Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na kwamba kwa watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 14 kuzama ni sababu ya tatu kwa wingi wa vifo. Tena anayezama kwa kawaida hapigi kelele kama tunavyowaza. Kinywa chake kinatafuta hewa, hakina nafasi ya kuita. Mikono inayakandamiza maji, haina nafasi ya kupunga. Na aliye hatua kumi kutoka hapo, akiwa na simu sikioni, hasikii lolote. Kama mtoto wangu wa nane angekuwa majini badala ya kuwa ndani ya basi, mazungumzo yale ya mabati yasingekatizwa na chochote.

Kuna jambo la pili ambalo ni zito kulisema. Mzee yule dereva ni mtu mwema, na nimemshukuru mbele ya Misa. Lakini wema wake tuliujua baadaye. Kwa saa moja na nusu mtoto wetu alikuwa peke yake, ndani ya gari, na mtu mzima tusiyemfahamu, na tungeweza kuambiwa habari nyingine kabisa. Kanisa letu limelipa gharama kubwa, na watoto wamelipa kubwa zaidi, kwa mazoea ya kuamini kwamba mtu akionekana mwema basi yatosha. Papa Fransisko alipotoa Vos estis lux mundi mwaka 2019, na kuitoa upya kwa marekebisho mwaka 2023, aliweka taratibu za kushughulikia taarifa za madhara yaliyokwisha kutendeka. Kuyazuia yasitendeke ni kazi yetu sisi, huku chini, kwenye mabasi na vyumba vya kubadilishia nguo. Asikae mtu mzima mmoja na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Hata padri. Ningeweza kusema padri kwanza.

Sasa nije kwa wale wanaotaka safari zifutwe. Baba mmoja alinikumbusha Karatu, tarehe 6 Mei 2017, ambapo wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walikufa katika ajali ya basi moja. Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kwamba jibu la haraka linafaa. Nilimwambia tu kwamba watoto wale walikuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio, si kucheza, na hakuna aliyesema mitihani ifutwe. Tulisema magari yakaguliwe na madereva wapunguze mwendo, na tulikuwa na haki kusema hivyo. Kwa nini basi hatari inapokuwa kwenye masomo tunadai uangalifu, lakini inapokuwa kwenye mchezo tunadai mchezo wenyewe uondoke? Nashuku kwamba moyoni tunaona mchezo ni anasa, kitu ambacho mtoto wa Mkristo anaweza kukosa bila hasara. Mjumbe mmoja wa halmashauri ya walei alipendekeza kwa nia njema kwamba mwakani tuwapeleke hija badala yake. Hija ni njema na tutakwenda. Lakini isiwe adhabu ya kuteleza majini.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye hakuna anayemdhania kuwa mtu wa mzaha, aliuliza katika Summa yake kama mchezo unaweza kuwa na fadhila ndani yake, akajibu kwamba unaweza, kwa kuwa roho nayo huchoka kama mwili na huhitaji kupumzishwa. Anasimulia hapo ile hadithi ya kale ya Mtume Yohane aliyekutwa akicheza na wanafunzi wake. Alipolaumiwa alimwambia mlaumu, aliyekuwa na upinde, aupige mshale baada ya mshale, hadi yule akakiri kwamba upinde usiolegezwa hatimaye huvunjika. Tomaso anakwenda mbali zaidi: asiyeweza kucheza wala kuvumilia michezo ya wengine, huyo naye ana kosa. Naye nabii Zakaria, alipotaka kueleza Yerusalemu iliyorudishiwa neema, aliona wazee wameketi na fimbo zao, na njia za mji zimejaa watoto wa kiume na wa kike wakicheza.

Kwa hiyo tatizo letu halikuwa bustani. Hata wahudumu wake walifanya kazi yao kuliko sisi tulivyofanya yetu. Tatizo lilikuwa mwavuli, na juu ya mwavuli anayejua zaidi ni Mtakatifu Yohane Bosco. Tarehe 10 Mei 1884, akiwa Roma, mzee na mgonjwa, aliwaandikia barua Wasalesiani wa Torino akiwaeleza ndoto aliyoota. Aliona viwanja viwili vya mapumziko. Katika kile cha kwanza, cha miaka ya mwanzo, mapadri na walezi walikuwa katikati ya vijana, wakikimbia na kucheza pamoja nao. Katika kile cha pili vijana wengine walisimama pembeni wakiwa wameegemea nguzo, peke yao, wamenuna. Na walezi wao walitembea wakizungumza wao kwa wao, bila kuona wala kujali kilichokuwa mbele yao. Niliisoma barua hiyo seminarini nikaifanyia mtihani, na sikumbuki kwamba ilinigusa. Niliisoma tena Jumatatu usiku.

Kijana aliyeegemea nguzo peke yake: ndiye yule wa viazi vitamu. Laiti ningekuwa katika mstari wa chipsi pamoja na wanane wangu, ningeona kwamba mmoja hayumo. Nisingehitaji kuhesabu.

Nimezungumza na Mwalimu Mkuu na viongozi wa WAWATA, nasi tumeamua yafuatayo. Mwenye neno jema zaidi aje atuambie. Safari ya mwezi ujao haitafutwa. Chakula kitapikwa hapa parokiani alfajiri, kitapakiwa, na kila mtu atakula kile kile, paroko na mtoto wa mfanyabiashara na mtoto wa mama muuza mchicha; hakuna mtoto atakayebeba fedha ya mfukoni. Najua wazazi wachache watanung'unika kwamba tunawanyima watoto wao uhuru wa kununua wanachopenda. Wanung'unike. Watu wazima watakuwa kumi na wawili, wawili wawili kwa kila kundi, na simu zao zitakaa kwenye mkoba wa Mwalimu Mkuu, isipokuwa moja ya dharura. Wafadhili watanipigia kesho yake. Dereva ataitwa kikaoni kama walezi wengine na kuelezwa taratibu zile zile, na nimeomba awe mzee yule yule, kama mwenye basi ataridhia.

Kuhusu yule mtoto, naomba msimuulize wala msimnong'one. Mama yake alikuja kuniomba radhi kwa usumbufu. Aibu iliyonipata kwa kuombwa radhi na mama huyo siwezi kuiandika hapa. Nilimwomba radhi mimi. Alikaa kidogo, kisha akaniuliza kama vile viazi vilitosha, maana ndivyo vilivyokuwapo.

Wanaotaka kusindikiza wajiandikishe kwa katekista kabla ya Jumapili ijayo. Kikao kitakuwa baada ya Misa ya pili, ukumbini. Wasiojua kuogelea nao waje, kuna kazi ya kina kifupi. Lakini kila mlezi alete nguo za kuingilia majini, kwa sababu hatutakodi mwavuli.

Paroko wenu.