JE, WEMA NA UOVU NI MAONI YA WATU TU?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu wazazi na wanafunzi, kuna usemi umeingia majumbani mwetu, na sasa unasikika hata kwa vijana waliohifadhi juzuu kadhaa. Usemi wenyewe ni huu: hakuna jema wala baya la kweli, kila jamii ina maadili yake na kila mtu ana ukweli wake. Kijana anaupata shuleni, chuoni au kwenye simu, kisha anauleta nyumbani. Ukimwambia jambo fulani ni ovu, habishani nawe. Anasema tu: "Hiyo ni kwako, Baba. Kwangu siyo."

Wengi wetu tunaliona jibu hilo kuwa ni utovu wa adabu. Tunamkaripia, na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini hii ni itikadi, tena itikadi mbovu, na itikadi haiondoki kwa makaripio. Inatakiwa ijibiwe kwa hoja. Na sisi watu wa Maziwa Makuu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta hoja hiyo.

KAMA WEMA NI MAKUBALIANO YA WATU

Tuangalie Rwanda mwaka 1994. Kuanzia tarehe 7 Aprili hadi katikati ya Julai, kiasi cha siku 100, waliuawa zaidi ya watu 800,000, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji. Hiyo haikuwa kazi ya wahuni wachache waliojificha vichakani. Serikali ya muda ilikuwepo. Viongozi wa mikoa na wilaya walikuwepo. Radio RTLM ilitangaza mchana kweupe, watu wakaitwa mende. Aliyeshika panga alikuwa upande wa wakubwa, na mara nyingi upande wa majirani zake. Aliyemficha mtu darini ndiye aliyeonekana mhalifu.

Sasa muulizeni mwenye usemi ule: katika mtaa kama huo, nani alikuwa mwema? Kama wema ni yale yaliyokubaliwa na jamii yako, basi muuaji ndiye aliyekuwa mwema, na mficha watu ndiye mwovu. Ndivyo usemi wake unavyolazimisha, atake asitake.

Mfikirieni Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliona kwamba siku za mwanzo alijaribu kuzuia mauaji katika eneo lake. Tarehe 18 Aprili 1994 palifanyika mkutano wa viongozi wa serikali na mameya, na baada ya hapo akageuka. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani, na akawa mtu wa kwanza duniani kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Kila mwenye akili anasema Akayesu alipotoka baada ya mkutano ule. Lakini kwa mujibu wa usemi wa vijana wetu, aliongoka! Si alifuata makubaliano ya wakubwa wa jamii yake?

Atajitetea: "Mimi nazungumzia jamii ya kimataifa, si wilaya moja." Vizuri. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kupunguza askari wake wa kulinda amani Rwanda hadi kiasi cha watu 270. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano ya mataifa siku hiyo. Je, kuwaacha wale watu kulikuwa ni wema kwa sababu mikono ilinyooshwa? Leo mataifa hayo hayo yanakiri kwamba lilikuwa kosa. Mtu hukosea anapoacha jambo lililo sawa, na jambo hilo lilikuwa sawa hata wakati hakuna aliyelipigia kura.

Atakimbilia neno la mwisho: "Basi kila mtu na dhamiri yake." Hapo ndipo pabaya zaidi. Wako waliorudi nyumbani jioni wakala na kulala bila kujuta. Ukishasema kila mtu ana ukweli wake, huna neno la kumwambia mtu wa namna hiyo, na mjane aliyebaki huna la kumfariji. Utamwambia nini? Kwamba yaliyompata ni mabaya kwa maoni yake yeye?

TOFAUTI ZA WATU SI HOJA

Wanasema tena: mbona watu wanatofautiana? Huku hili ni halali na kule ni haramu, kwa hiyo hakuna ukweli.

Hii ni hoja dhaifu. Kila mwaka Waislamu tunatofautiana juu ya mwandamo wa mwezi. Mji huu umefunga, mji ule bado. Nani amewahi kusema kwa sababu hiyo kwamba mwezi haupo? Tunatofautiana kwa sababu upo, na mmoja wetu atakuwa amepatia na mwingine amekosea. Vilevile sokoni: muuza sukari akiamua kwamba kilo yake ni gramu 900, hatusemi ana kilo yake. Tunasema ametuibia. Allah (S.W.) ameitaja mizani katika Suratur Rahman pamoja na kuinuliwa mbingu, na ameteremsha sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwalaani wanaopunja vipimo.

JE, LINGEKUWA JEMA KWA AMRI TU?

Mwanafunzi mjanja ana swali jingine, na lisikwepwe: "Mnasema jema ni aliloamrisha Mungu. Je, angeamrisha dhulma, ingekuwa jema?"

Swali hili si geni kwetu. Maulamaa wamelijadili zaidi ya miaka elfu moja. Muutazila walisema akili peke yake inatambua wema na ubaya wa mambo. Maashaira wakasema malipo na adhabu hayajulikani ila kwa sheria aliyoiteremsha Allah. Mamaturidi wakashika njia ya kati: akili inatambua mengi, na wahyi ndio unaoongoza na kukamilisha. Wote wamekubaliana kwamba Allah hadhulumu hata uzito wa chembe.

Swali lile linamdhania Mungu kuwa kama sultani mwenye hasira, leo anataka hili, kesho lile. Mola wetu hayuko hivyo. Yeye ni Mwenye hikima na Mwadilifu, na katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Abu Dharr (R.A.), iliyomo katika Sahih Muslim, ameeleza kwamba ameiharamisha dhulma juu ya nafsi yake. Tazameni pia Suratul A'araf aya ya 28. Washirikina walitetea uchafu wao kwa hoja mbili: tumewakuta wazee wetu wakifanya, na Mungu ndiye aliyetuamrisha. Allah akamwamuru Mtume wake awajibu kwamba Yeye haamrishi machafu. Aya moja imevunja hoja ya mila, na imemvunja pia kila anayefanya uovu akausingizia kwa Mungu.

Amri yake inatoka katika ujuzi na uadilifu wake. Ndiyo maana haki haibadiliki kwa kura, wala kwa mkutano wa viongozi, wala kwa radio.

VIPI WASIO WAISLAMU?

Hapa niwageukie na sisi wenyewe, kwani wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba asiye Muislamu hawezi kujua jema. Suratush Shams inasema nafsi ya mwanadamu imefahamishwa uovu wake na uchamungu wake. Imetajwa nafsi, hakutajwa kabila wala dini. Hii ndiyo fitra.

Waislamu wengi wa Rwanda, hasa wa Nyamirambo mjini Kigali, waliwaficha majirani zao mwaka 1994, na tunajivunia. Lakini mji wa Gisenyi una mafunzo mawili. Felicitas Niyitegeka, mwanamke Mkatoliki, alikataa kuwaacha watu aliokuwa amewahifadhi, akauawa pamoja nao. Leo ni miongoni mwa mashujaa wa nchi hiyo. Na Gisenyi hiyo hiyo ndiko alikotoka Hassan Ngeze, Muislamu kwa jina na kwa dini, mhariri wa gazeti la Kangura, lililochapisha "amri kumi za Wahutu" mwezi wa Desemba 1990. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003, na rufaa ya mwaka 2007 ikampa kifungo cha miaka 35.

Tusione haya kulisema. Suratun Nisaa aya ya 135 inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Tukimtetea dhalimu kwa sababu ni wetu, tumeshaingia katika usemi ule ule tunaoukataza kwa watoto, yaani wema ni wa kundi letu.

Na tazameni jinsi wauaji walivyosema. Kuua walikuita "kazi". Kwa nini? Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba dhambi ni ile inayokukereketa kifuani ukachukia watu waione. Mtu halibadilishi jina jambo analoliona jema. Hata midomo yao ilijua.

WAJIBU WETU

Wazazi, msitosheke kumwambia mtoto "haramu" kisha mkanyamaza. Mwambieni ni nani anayedhulumiwa. Anayeghushi mtihani amemnyang'anya nafasi aliyesoma. Anayetoa hongo amemrudisha nyuma asiye na kitu. Mtoto akijibu kwamba kila mtu na ukweli wake, msipandishe sauti. Muulizeni: akiibiwa simu yake, atasema mwizi alikuwa na ukweli wake?

Nanyi wanafunzi, msidhani usemi huu ni uhuru. Umeshavuliwa silaha anayeuamini, kwa sababu siku dhulma itakapokuja ikiwa na serikali, umati na radio, hatakuwa na msingi wowote wa kusimama na kusema hapana. Waliosema hapana mwaka 1994 walijua kwamba iko haki iliyo juu ya wote wale.

Allah (S.W.) atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Aamin.

Wabillahi tawfiq.