Mizani haimjui mchezaji

Mechi ikichezwa Nelson Mandela, Sumbawanga, jukwaani hakosekani wa kupaza sauti: "Yule kanenepa, awekwe benchi!" Kaangalia kilo tu. Uwanda wa Ufipa uko juu, mji wenyewe umepita mita 1,700, hewa nyepesi, pumzi inatafutwa. Huko mafuta ni mzigo, msuli ndio injini, na mizani haitofautishi. Wawili wa kilo 78, urefu mmoja: huyu paja, yule kitambi. Kocha anayemkata mtu kwa kilo anakosea. Kibanio cha kupimia mafuta chini ya ngozi na tepu ya fundi cherehani vinatosha kuanzia. Na huyo wa jukwaani naye ajipime kiuno. Kikizidi nusu ya urefu wake, amuone daktari, hata kama kilo zinamsifia.